Msonobari wa Marehemu Mama

Zamani mtu alikwenda kwa Kibia na mbegu kiganjani, amejiandaa kungoja miaka. Siku hizi anakwenda na picha kwenye simu, anauliza kama mti utakuwa tayari Jumamosi. Subira ilishazikwa, wala hakuna aliyehudhuria maziko.

Mtaani walimwita Kibia kwa sababu alilea miti isiyofika goti ndani ya vibia vya udongo. Asubuhi hiyo dada wawili waliingia uani kwake wamebeba msonobari ndani ya debe. Ulikuwa mrefu kuwapita, shina tupu, majani kileleni tu. Mama yao aliupanda. Sasa mama amezikwa, nyumba inabomolewa, na roshani ya ghorofa wanayohamia haina nafasi ya kitu kirefu.

"Ukate hapa," dada mkubwa alisema, akigusa shina chini kabisa.

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, mzee. Ukate hapa."

"Marahaba. Mwanangu, mti wa kibia huchaguliwa kama mchumba: jani dogo, na moyo wa kusamehe. Mkwaju ukiukata, unachipua. Mkomamanga vilevile. Mtini ndio usiseme. Lakini huu, ukiukata chini ya majani, umeua."

"Basi tutafute mkwaju. Mti ni mti."

Mdogo wake alilibana debe kwa magoti. "Mkwaju haukupandwa na mama."

Dada mkubwa akatazama pembeni. Kibia angeweza kuwarudisha walikotoka. Badala yake akachovya vitambaa majini, akalizungushia shina, akafunga kamba kileleni.

"Haukatwi. Unainamishwa."

Akavuta kidogo, akatega sikio. Akavuta tena. Shina likalalamika kwa ndani, akaacha mpaka liliponyamaza. Mdogo alikuwa amefumba macho.

"Samaki mkunje angali mbichi, mzee," dada mkubwa alisema. "Huyu keshakuwa ng'onda."

Kibia alicheka bila kutaka, na mkono ukavuta kupita kiasi.

Kach! Shina likapasuka.

Kisha dada mkubwa akatupa mkoba, akapiga magoti kwenye tope na kuubana ufa kwa mikono yote miwili.

"Funga, baba! Mimi nashika, wewe funga!"

Kibia alifunga, vidole vyake vikigongana na vya mwanamke yule.

"Gome la upande wa ndani, shina linapopinda, ni zima," alisema mwishowe. "Maji yatapita hapo, Mungu akipenda. Kitambaa kikilegea, basi tena. Uacheni hapa."

"Siuachi," dada mkubwa alisema.

"Mwanangu, barabara ile..."

"Nimesema siuachi!"

Mara ya mwisho Kibia kuwaona, walikuwa wameketi nyuma ya pikapu, mdogo amekumbatia debe, mkubwa amelizungushia shina mikono, tope limemkaukia magotini, akimfokea dereva kwa kila shimo: "Taratibu! Taratibu, nimekwambia!"