Marehemu Yumo Daftarini

Kilichonitoa Kiboriloni Jumamosi ile ni simu ya shangazi yangu Akwilina. "Panda huku mlimani Uru uone uchaguzi wa mfongo," aliniambia. "Nagombea uenyekiti." Mimi ni mwalimu wa Uraia. Kila mwaka nafundisha matatizo ya demokrasia duniani: huko wanajeshi wamepindua serikali, kule rais amegoma kuondoka, kwingine masanduku ya kura yameibwa. Siku zote ni huko na kule. Nikapanda kwenda kumshangilia shangazi, basi.

Saa tatu asubuhi pikipiki ilinishusha karibu na kanisa, nikamalizia kwa miguu kati ya migomba. Mfongo ni mfereji waliouchimba babu zetu kutoa maji mtoni huko juu, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Zamu ya watu wa chini, akina shangazi, imepangwa Jumapili asubuhi, saa za misa. Uchague mwenyewe, Mungu au migomba. Aliyepanga hivyo ni mwenyekiti, Mzee Severini, ambaye shamba lake liko juu na hupata maji siku anayotaka. Nilikuta migomba ya shangazi imekunja majani, na kahawa inadondosha matunda mabichi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu. Kunywa mtori upesi twende. Zamu hii leo naibadilisha."

Mkutano ulikuwa wa saa nne. Mwenyekiti alifika saa sita, akatukuta tumekaa juani, wala hakuomba radhi. Kura za mfongo hupigwa kwa kusimama mstari nyuma ya unayemtaka. Mstari wa shangazi ulizunguka uzio wa uwanja ukaingia kwenye kahawa. Wa Mzee Severini ungeweza kuuhesabu ukiwa umekaa. Mimi nilishaanza kutabasamu.

Ndipo mzee akatoa daftari. "Anayepiga kura ni mwanachama," akasema, "na mwanachama ni aliyeandikwa humu." Akaanza kusoma majina, na yote yalikuwa ya wanaume. Wanawake wanaokwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila Alhamisi, wanaozoa matope ya mfongo kwa majembe yao, hawakuwemo hata mmoja. Jasho lao limeandikwa kwa majina ya waume zao. Wakaambiwa watoke mstarini mmoja mmoja, nao wakatoka. Alipofika nyumba ya shangazi akasoma, "Aloyce." Huyo ni mume wa shangazi. Tulimzika zamani, nyuma ya nyumba, pale kwenye migomba.

"Huyu yumo," akasema Mzee Severini. "Wewe mama humo. Na asiye mwanachama hagombei."

Nilishindwa kukaa. "Mzee, kwa hiyo Alhamisi huwa anatoka kaburini kuja kuzibua mfongo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwalimu wa mjini, kaa chini. Huku tuna utaratibu wetu." Akatangazwa mshindi, wale wachache wake wakapiga makofi. Utaratibu! Mtu anakupora mchana kweupe, ukiuliza anakuambia huna adabu. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Jioni, mezani kwa shangazi, niliandika barua ya kwenda ofisi ya maji mjini kuomba uchaguzi urudiwe. Wanawake walikuja kutia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Jumapili shangazi alichagua migomba. Misa ilipotoka, yeye ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani, matope mpaka magotini, na Mzee Severini akaingia uani na wazee wawili. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Uchaggani, anayekuletea isale anaomba msamaha, na hukatai. Hata kama amekuulia ndugu, hukatai.

"Mama, nimekukosea," akasema kwa upole. "Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nakuomba yaishe, tusipelekane mjini."

Na mimi je, mwalimu wa demokrasia, nilifanya nini? Niliichukua ile barua mezani nikaikunja, nikaanza kuitumbukiza mkobani, nikijua ndiyo imekufa. Jani moja tu lilitosha. Nina hasira na Mzee Severini, lakini kwa hilo nina hasira na nafsi yangu zaidi.

Shangazi alijifuta mikono kwa kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimepokea. Nimekusamehe, wala sina kinyongo." Wazee wakashusha pumzi. "Lakini hukunikosea peke yangu. Kura zile si zangu nikazisamehe. Wote uliowatoa mstarini, wapelekee nao. Mwalimu, hiyo barua unaificha ya nini? Utashuka nayo."

"Isale ikishapokelewa, shauri limekwisha," mzee mmoja akasema.

"Langu limekwisha," shangazi akajibu, akaenda kunawa miguu.

Saa kumi nilianza kushuka na barua yangu. Nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi nikamwona Mzee Severini, amebana kwapani fungu zima la masale. Nadhani alitaka kuyamaliza kabla ofisi hazijafunguliwa Jumatatu. Nikasimama kwenye uzio nikijifanya nafunga kiatu. Mama wa nyumba ile alikuwa ameshapokea jani lake, tena kwa heshima zote.

"Nimekusamehe, baba," akamwambia. "Sasa niandike."

"Daftari liko nyumbani."

"Nakusubiri." Akaketi kizingitini, jani mapajani.

Mzee akayatazama majani yake, akautazama mlima, akaanza kupanda kulifuata daftari. Tulipopishana nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.

Jumatatu nilipeleka barua, kisha nikaingia darasani. Ubaoni palikuwa na mifano yangu ya wiki iliyopita, nchi tatu, zote za mbali. Nikaifuta. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja akaulize nyumbani kwao nani anachimba, na nani ameandikwa.