Mama Alipofumua Sweta

Mama yangu alipopata kiharusi, mwezi wa tano, alibaki na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "eee", lile la kuitikia. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukawa mzito, na maneno mengine yote, ya Kingoni na ya Kiswahili, yakaondoka. Ukimuuliza kama anataka chai alisema "eee". Ukimuuliza kama hataki alisema "eee" vilevile, kwa sauti ileile, akikutazama usoni.

Alitoka hospitalini akaja kukaa kwangu mjini, mtaa wa Ruhuwiko. Nyumba yake mwenyewe iko kijijini Maposeni, uwanja mmoja na kaka yangu na familia yake. Mimi ndiye niliyesema aje kwangu, kwa sababu hospitali iko karibu na kwa sababu kazi yangu ya kutengeneza redio na simu naifanyia barazani. Mke wangu ni mwalimu Namtumbo, hurudi mwisho wa mwezi. Dada yangu alikuja asubuhi kumwogesha mama, mengine yote nilifanya mimi. Mchana tulikuwa wawili, na binti yangu mdogo akirudi kutoka chekechea tunakuwa watatu.

Mtaalamu wa mazoezi aliniambia nimwekee mama mbele ya macho kazi anayoijua, hata kama haiwezi tena. Kazi hiyo ilikuwa kufuma. Kila mwaka, shamba likipunguza kazi, mama alikaa chini akafuma sweta za shule kwa mkono, na watoto wengi wa Maposeni wamepita baridi ya mwezi wa sita na wa saba ndani ya mishono yake. Mimi sikujua hata sindano inashikwaje. Niliamua kujifunza mbele yake, nione kama kitu kitaamka.

Nimejifunza mambo kadhaa maishani bila mwalimu, na njia yangu ni moja: naanza kwa kuhesabu. Nilifungua kapu lake. Mlikuwa na madonge matano ya uzi wa kijani na sindano zake mbili, ambazo ni spoku za baiskeli alizozinoa ncha kwenye jiwe. Kwenye sindano moja kulikuwa na kipande alichokianza kabla ya kuugua, urefu wake kama kiganja. Nilihesabu mishono: tisini na miwili. Nilimpima binti yangu kifua, nikapata sentimita hamsini na sita, maana yake mgongo wa sweta yake ungetaka ishirini na nane. Kipande cha mama kilikuwa na thelathini na saba. Hesabu ilikataa. Niliamua kwamba kile kilikuwa cha mtoto mkubwa, agizo la mteja nisiyemjua. Lakini uzi ulikuwa wa kijani, rangi ya shule ambayo binti yangu angeanza Januari.

"Mama," nilisema, "hiki nakifumua. Uzi wake nitamfumia mjukuu wako sweta ya darasa la kwanza. Sawa?"

"Eee," alisema mama. Alisema mara tatu.

Nilivuta uzi, safu baada ya safu, kipande kikaisha chote mbele yake. Yeye alikuwa anavutavuta pindo la kanga yake. Nilimwambia, "Mama, utaichana kanga," akaniitikia "eee".

Nilijifunza kwa video za simu na kwa kitabu kikuukuu cha ufundi wa nyumbani nilichokipata kwenye meza ya mitumba. Wiki ya kwanza nilikaza uzi hadi sindano haikuweza kupita. Wiki ya pili niliulegeza mno. Nilianzisha mishono sabini, na baada ya safu kumi nikawa na sabini na minne, nisijue minne ile imetoka wapi. Kosa hilo lilinichukua siku mbili kulielewa: safari nyingine nikimaliza safu niliacha uzi upite juu ya sindano badala ya kuurudisha chini, na kila nilipofanya hivyo nilizaa mshono usiokuwepo. Niliandika hilo kwenye daftari. Nilifuma nikiwa nimekaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama, ili aone vidole vyangu.

Jirani yetu mmoja, mama anayeuza dagaa Lizaboni, alipita kila jioni kumsalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Eee."

"Marahaba yenyewe hiyo, nimeipokea." Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, hii ni sweta au wavu? Ukimaliza niuzie, nikavulie dagaa wa Nyasa."

"Ni sweta."

"Basi huyo mtoto atapigwa upepo kwa zamu, leo tundu hili, kesho lile."

Wiki ya tatu nilipata kipande kisicho na tundu. Kilikuwa na mishono sabini, kingo zimenyooka, upana sentimita ishirini na nane kamili. Nilikiweka mapajani mwa mama nikaenda kumhudumia mteja barazani. Niliporudi, sindano ilikuwa chini, na kipande kimekuwa rundo la uzi. Alikuwa amekivuta chote kwa mkono wake wa kushoto.

"Mama, kulikuwa na kosa?"

"Eee."

"Hakukuwa na kosa?"

"Eee."

Nilianza upya. Baada ya siku nne akafumua tena. Mara ya tatu sikuondoka, nilikaa nikamtazama. Alikitandaza kipande kwenye paja, akakipima kwa shubiri, kisha akachomoa sindano.

Jumapili hiyo, baada ya misa, kaka yangu alikuja pamoja na dada. Walimkuta mama na rundo la uzi mapajani.

"Nini tena hiki?" dada aliuliza.

"Amefumua. Mara ya tatu."

Kaka alitikisa kichwa. Alisema mahindi yakishaingia ndani, baada ya wiki mbili, atakuja na gari kumchukua mama amrudishe Maposeni. Mke wake yuko nyumbani siku nzima, na mimi nina kazi na mtoto.

"Tumuulize kwanza," nilisema.

"Umuulize nani, mdogo wangu?" Akamgeukia mama. "Mama, wewe ni askofu?"

"Eee," alisema mama.

Dada alicheka, halafu akajiziba mdomo kwa kanga. Kaka hakucheka. "Unaona mwenyewe. Akili imeondoka. Akae kule, akae huku, kwake ni palepale. Tunaamua sisi."

"Nikiwaonyesha kwamba yupo, mtafuata atakachosema?"

"Akiwa yupo," kaka alisema, "nani wa kumpinga mama?"

Nilikuwa na wiki mbili. Jambo moja sikulitilia shaka: mama akipata njia ya kujibu, atasema anabaki kwangu. Nilimpikia uji, nilimfanyisha mazoezi ya mkono, nilikuwa nimejifunza kazi ambayo wanaume wa mtaa wetu huiacha kwa wanawake, na yote kwa ajili yake. Nilichohitaji ni kujua kwa nini anafumua. Nilirudia hesabu zangu zote. Sikupata kosa.

Kosa lilionwa na muuza dagaa. Alichukua kipande changu cha nne, akakiinua juu kwa vidole viwili.

"Fundi, hii ya mdoli?"

"Ya binti yangu. Nimempima."

"Umempima lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na ataanza kuvaa lini?"

"Januari."

"Avae mpaka lini?"

Nilianza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Hee! Jamani, huyu baba anafuma sweta ya kuishia Pasaka! Wewe mwenyewe shuleni ulivaa ngapi?"

Nilivaa moja. Niliivaa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, kisha ikaenda kwa dada yangu anayenifuata. Mwaka wa kwanza mikono yake ilikunjwa mara mbili na pindo lilinifika karibu na magoti, wenzangu wakaniita padri. Miaka yote nilidhani mama hakujua kupima, au kwamba ni umaskini tu. Kumbe alipima vizuri. Huku kwetu sweta ya shule haifumwi kwa mtoto aliyesimama mbele yako. Inafumwa kwa mtoto wa darasa la nne, na yule wa darasa la kwanza anaingia ndani yake na kukua. Kitabu changu hakikuandika hivyo, kwa sababu kiliandikwa kwa watu wanaofuma sweta nyingine mwaka unaofuata.

Kwa hiyo ile mishono tisini na miwili ilikuwa ya binti yangu. Mama alikuwa amekwisha kumwanzia mjukuu wake, kwa mkono mzima, kazi ya mwisho ya mkono ule, na mimi niliifumua mbele ya macho yake nikisema namfumia mjukuu huyohuyo.

Nilipiga magoti kwenye mkeka. "Mama, nisamehe. Sikujua ni ya mtoto."

"Eee," alisema. Nilianzisha mishono tisini na miwili.

Siku ya tatu nilimwekea kipande kipya mapajani. Alikipima kwa shubiri mara mbili. Nilisubiri achomoe sindano, hakuichomoa. Aliulaza mkono wa kushoto juu ya kazi, kiganja chini, vidole vimefunguka, akauacha hapo.

Ndipo nilipokumbuka kanga. Siku nilipofumua kazi yake alisema "eee" huku vidole vinavuta pindo. Nilichora mistari kwenye daftari nikaanza kumuuliza mambo ambayo majibu yake nayajua. Nikuwekee sukari? Hajapata kutumia sukari; alisema "eee", vidole vikafunga na kuvuta ukingo wa mkeka. Leo ni Ijumaa? Ilikuwa Ijumaa; "eee", mkono ukalala wazi. Mimi ndiye mtoto wako wa kwanza? Akavuta kanga. Niliuliza kwa siku sita, asubuhi na jioni, na mkono haukukosea. Swali la Maposeni sikumuuliza. Nilijiambia linafaa kuulizwa mbele ya mashahidi. Ukweli ni kwamba jibu niliona ninalo tayari.

Walikuja Jumamosi. Kaka aliacha gari la kukodi nje, dereva ndani yake. Niliwaambia kwamba mama yupo, na kwamba nimejua namna ya kusoma majibu yake. Namna yenyewe sikuitaja. Nilitaka wasikie kwanza jibu, nije kueleza baadaye.

"Haya," kaka alisema, "askofu sasa amekuwa redio, na anayeisikia ni fundi peke yake."

"Mwache amuulize," dada alisema.

Nilikaa mbele ya mama. "Mama, unataka kubaki hapa kwangu?"

"Eee," alisema mama, na vidole vikafunga pindo la kanga, vikavuta.

"Unataka kurudi Maposeni?"

"Eee." Mkono ulilala wazi juu ya paja.

Nilirudia, nikianza na Maposeni, ili mpangilio wa maswali usiwe ndio unaojibu. Mkono ulisema vilevile. Niliuliza mara ya tatu, jambo ambalo halikuwa la lazima. Ulisema vilevile.

Kaka na dada walikuwa wakimtazama usoni, kama watu wote wanavyofanya. Hawakuona kitu. Walikuwa wamesikia "eee" sita.

"Amesema nini?" dada aliuliza.

Ningeweza kusema lolote. Kaka alikuwa ameahidi, na pale hakuna mwingine aliyejua kuusoma mkono ule. Nilimwangalia mama, naye alikuwa ananitazama mimi, anasubiri kama nitasema alichosema.

"Amesema Maposeni," nilisema.

Kisha nikawaeleza mkono, kuvuta na kulala, na kipande cha kwanza nilichokifumua. Nilipomaliza, kaka yangu alivua kofia. Alikuwa amepata alichokitaka, lakini hakuonekana kama mtu aliyepata. Alishuka kwenye kiti akakaa chini kwenye mkeka, mahali nilipokuwa nakaa mimi, akamwamkia mama upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Mama, shikamoo."

"Eee."

"Mama, bati la chumba chako linavuja. Nilibadilishe kwanza, ndipo nije kukuchukua wiki ijayo?"

"Eee," alisema mama, na vidole vikavuta kanga.

"Hataki kusubiri," nilisema.

"Nimeona," alisema kaka.