Uji Uliokataa Kuwa Bluu

Mpaka leo sijui ni nini kilichonikera zaidi: ule uji, au darasa zima kuandika rangi ambayo haikuwepo mbele ya macho yao.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, najitolea kufundisha biolojia kwenye sekondari moja pembezoni mwa mji wa Tarime. Kidato cha pili walikuwa na mtihani wa vitendo, na alama zake ndizo zingeamua nani anabaki mchepuo wa sayansi na nani anahamishiwa sanaa. Wanga wa maabara ulikuwa umekwisha. Mkuu wa idara ya sayansi akaniambia nitafute uji wowote, kwani uji si ni wanga?

Mama mwenye nyumba wangu kule Turwa akanimiminia uji wa wimbi uliolala. Niliuchuja nikihofia ni mzito, kisha nikahofia nimeuchuja kupita kiasi. Kuuonja sikukumbuka. Ulikuwa mtamu, kwa sababu mama alikuwa ameutia kimea, na kimea kikilala na uji hugeuza wanga kuwa sukari. Jambo hilo nimelisomea, na chuoni nililijibia mtihani.

Wanafunzi wakadondosha iodini. Kila kitabu kinasema ikikutana na wanga inageuka bluu-nyeusi. Siku hiyo ilibaki na ukahawia wake. Nilipita kati ya meza jasho likinitoka, nikisubiri mtu anyooshe mkono aulize. Hakuna aliyeuliza. Waliinamisha vichwa wakaandika, kwa Kiingereza cha kukariri, kwamba rangi ni bluu-nyeusi na wanga upo. Msichana mmoja tu, wa meza ya mbele, aliandika kahawia, wanga haupo.

Nilimpa alama zote. Wengine niliwapa sifuri, kisha nikaingiwa na hofu, nikaenda kujieleza.

Mkuu wa idara alicheka kwanza. Akasema nimefelisha darasa kwa kimea cha pombe, na kwamba mwongozo wa kusahihisha unabaki vilevile: walioandika bluu-nyeusi wamefaulu, aliyefeli ni yule binti. Nikamwambia hao wengine hawakujua habari za kimea. Waliona kahawia wakaandika bluu. Sasa hapo tunafundisha nini?

"Mura," akasema, kama mkubwa anavyomwita kijana huku kwetu, "mtihani wa taifa hautaletewa uji wa mama mwenye nyumba wako. Msahihishaji ana rangi moja tu. Unataka binti akamwandikie kahawia?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo liliniudhi kuliko kicheko chake. Nikamwomba angalau binti arudie. Akakubali, kwa sharti kwamba uji atapika na kusahihisha yeye mwenyewe.

Nikamwita binti. Nilimweleza habari za kimea, nikamwambia alikuwa sahihi, nikaongea mpaka nikaanza kujichosha mwenyewe. Alinisikiliza mikono ikiwa nyuma.

"Kwa hiyo mwalimu, jibu ni kahawia au ni bluu?"

"Jibu ni kile unachokiona."

"Na kesho anasahihisha nani?"

"Mkuu wa idara."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba ruhusa ya kwenda.

Kesho yake uji ulikuwa wa unga wa muhogo, mweupe, haukutiwa kitu. Nilisimama dirishani nisimbughudhi. Binti aliketi, akavuta karatasi, akaandika bluu-nyeusi, wanga upo. Kisha ndipo akachukua chupa ya iodini. Tone lilipoingia, uji ukageuka bluu-nyeusi kweli, nzito, rangi safi kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye maabara ile. Nilitamani ainue macho aitazame. Alikuwa ameshaanza kufunika kalamu yake.

Mkuu wa idara alimpa alama zote, na binti akabaki mchepuo wa sayansi.