Jina Chini ya Samaki

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kuandika jina la mchoraji mwenzangu chini ya samaki aliyemchora. Sikuliandika kumpa heshima. Nililiandika ili aaibike.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikiishi Rusimbi, na kuchora nilijifunza mwenyewe kwa kunakili picha za kalenda na maboksi ya sabuni. Nilipaka majina na mapambo kwenye mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa dagaa wanahitaji giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupandishwa mchangani, huzibwa nyufa na kupakwa rangi. Siku hizo chache ndizo zilizokuwa zetu.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kirundi, mkimbizi. Miaka ile kambi zilikuwa zimejaa, na kila mtu pale mwaloni alijua alikotoka. Hakuna aliyemuuliza ametokaje kambini.

Nilimchukia. Alimaliza mitumbwi mitatu mimi nikiwa bado nafuta herufi moja. Herufi zake zililala upande, na samaki wake wote walikuwa na jicho lilelile lililovimba. Mimi nilipima kwa uzi na rula, nikarudia, nikarudia tena, nikihofu kwamba atapita mtu anayejua kuchora aone nilipokosea. Mtu huyo hakupita. Waliokuja ni matajiri, ndivyo tunavyowaita wenye mitumbwi, na waliuliza swali moja tu: rangi itakauka kabla giza halijarudi?

Siku moja tajiri mmoja, mama muuza dagaa, alisimama mbele ya mtumbwi uliochorwa na yule mzee. "Samaki wako huyu mzuri, kijana," akaniambia. "Na mimi nichoree kama huyu."

"Si wangu, mama."

"Basi wa nani? Si yote kazi moja tu?"

Wabebaji wakacheka. Mmoja akaninyooshea kidole, akasema, "Wa huyu utamjua, mama. Anachora jicho mwezi huu, mkia mwezi ujao."

Mchana, watu walipokwenda kula, nikachukua brashi yangu nyembamba. Nikaandika jina la mzee chini ya samaki wake, la kwanza na la ukoo, kwenye mitumbwi minne. Nilitumia rangi nyeupe. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilitaka kila mtu ajue uchafu ule ni wa nani.

Mzee aliliona asubuhi yake. Alitoa kisu akaanza kukwangua, mpaka mbao ikaonekana. Mitumbwi mitatu ilikuwepo. Wa nne ulikuwa umekwenda Kigoma mjini kupeleka mizigo, na mjini siku zile askari walikuwa wakiulizia vibali vya wakimbizi.

"Nani kakwambia uandike?"

"Nimekutangaza tu, mzee. Msanii lazima ajulikane."

"Ujulikane wewe uliye kwenu. Jina langu mimi liko kwenye orodha ya kambi, na mimi natakiwa niwe huko. Sina kibali. Unataka walisome hapa?"

"Sikujua."

"Oya," akakataa kwa Kirundi. "Ulijua. Hukujali tu."

Alisema kweli. Hakuna mtu wa Kigoma wa miaka ile ambaye hakujua kuwa mkimbizi hatoki kambini bila karatasi. Lakini sikuomba radhi. Nilimuuliza, kwa ukaidi, kama haimuumi kuchora maisha yake yote bila mtu kumfahamu.

Hakuacha kukwangua. "Wavuvi wakiwa katikati ya ziwa wanautambua mtumbwi wao kwa samaki wangu. Nikimaliza mmoja wananiletea mwingine. Wewe unatafuta nini, makofi? Nenda shuleni, watoto watakupigia."

Alipomaliza wa tatu alifunga brashi zake kwenye gunia akaondoka. Hakuniaga. Wapo waliosema amerudi kambini kwa miguu kupitia Kidahwe, wapo waliosema amevuka kwenda Kongo. Sikumwona tena.

Mtumbwi wa nne ulirudi siku ya tatu. Nilimkimbilia nahodha nikamuuliza kama kuna askari aliyeuliza habari za lile jina.

"Jina gani?" akasema.

Alikuwa amelala kando ya jina hilo siku tatu bila kuliona. Hakuna aliyelisoma, mjini wala njiani. Mzee alikuwa amekimbia bure, na aliyemkimbiza ni mimi. Nililikwangua mwenyewe, mama muuza dagaa akiwa amesimama nyuma yangu.

"Umetufukuzia mtu," alisema. "Zimebaki siku tano giza lirudi. Nani ataimaliza hii yote, wewe?"

Sikuimaliza. Mitumbwi miwili ilishuka majini haina rangi, na wavuvi wake hawakuitikia salamu yangu kwa miezi.

Miaka imepita. Siku hizi namaliza mitumbwi miwili kwa siku na sitii sahihi popote. Matajiri wengi hawajui hata naitwa nani, huniita fundi. Makosa yangu bado nayaona yote. Nayaacha, mtumbwi unashuka majini.