Chupa Iko Kushoto

Baba Hope hutengeneza spika hapa Laini Saba, kibanda cha pili kutoka penye reli inapinda. Jina lake ni Jeconia, lakini ukisikia mtu akimuita Jeconia ujue huyo ametoka kanisani kwake. Mimi ni jirani yake kwa ploti. Tumetenganishwa na mabati tu, kwa hivyo kitu anasikiza na mimi nasikiza, nipende nisipende.

Na anasikizanga albamu moja. Inaitwa Barua ya Jael, ya bendi ya zamani, Yala Stage Jazz. Watu wanne, chumba kimoja, maikrofoni mbili, siku moja, na katikati wakaenda kula samaki wakarudi. Hivyo ndio yeye husema. Kila spika inatoka kwa kibanda chake lazima ipige Barua ya Jael kwanza, iwe ni wufa, ile spika ndogo ya nyumbani, ya mtoto wa chuo ama spika ya kanisa kubwa kama kabati.

Wimbo wa tatu ndio mtihani. Hapo kuna jamaa anagonga chupa ya soda na msumari, ile chupa ya zamani yenye matuta. Ting, ting-ting, ting. Chupa ikisikika, spika imepona. Isiposikika, twita imekufa, ile spika ndogo ya juu inabebanga sauti nyembamba, na Baba Hope anaing'oa anaweka ingine. Hana mashine ya kupima. Mashine ni hiyo chupa na masikio yake. Watu wanatoka mpaka Kawangware kumletea kazi juu ya hayo masikio.

Mimi nilikuwa naona ni mchezo. Niliacha shule Form Two, nikafanya mjengo, nikaosha magari, saa hii nauza viatu soko la Toi, na hata hapo Toi sijui kama nitamaliza mwaka. Siwezi kukaa mahali. Siku moja mvua ikanifungia kwa kibanda chake na akaniambia nifunge macho.

"Chupa iko wapi?"

"Kwa spika."

"Omera, ndugu yangu, sijakuuliza redio iko wapi. Nimekuuliza chupa."

Nikasikiza tena. Na kusema ukweli sijui nini ilifanyika, lakini ile spika ikatoka njiani. Nikaona chumba. Gita moja huku kulia, ingine katikati nyuma kidogo, mwimbaji amesimama mbali na maikrofoni kama mtu anaheshimu mgeni. Kuna mguu unagonga sakafu. Kuna mahali mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba.

"Kushoto," nikasema. "Mbali kidogo. Kama karibu na mlango."

"Na mlango umeujuaje?"

"Sijui. Nimeusikia tu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Sasa umeingia ndani. Hizi ngoma zenu za siku hizi kila kitu kimesukumwa mbele, watu wote wamesimama kwa pua yako. Hakuna chumba. Unasikiza muziki na hujui uko wapi."

Tangu hiyo siku nikawa napitia hapo jioni nikitoka Toi. Sikuwa namsaidia kazi. Nilikuwa nakaa tu nasikiza. Nikiwa huko ndani ya hiyo albamu ndio mahali pekee nilikuwa naweza kutulia.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tatu, Baba Hope akaniambia chupa imepotea.

"Imepotea aje?"

"Imetolewa. Hii ni Brandon."

Brandon, kijana wa kompyuta, ndio alikuwa amemtolea albamu kwa kaseti akaiweka kwa flashi. Baba Hope alisema amekata sauti za juu ili itoshe. Nikasikiza hiyo flashi. Chupa ilikuwa hapo, kushoto, karibu na mlango.

"Si ndio hiyo," nikamwambia.

"Gani?"

"Hiyo. Ting. Hiyo tena."

Akaniangalia kama mimi ndio nimekata. Akatoa kaseti yenyewe, akacheza. Akasema kaseti imechoka. Akabadilisha twita ya hiyo spika. Bado. Akabadilisha ingine. Nikaanza kujishuku. Huyu mtu amesikiza hii kitu miaka thelathini, mimi nina mwaka na nusu. Nani anafaa kujua chupa iko ama haiko? Labda mimi nilikuwa nasikia msumari wa fundi wa masufuria pale nje. Nikatoka nikaangalia. Fundi wa masufuria alikuwa anakula.

Hope, msichana wake, alinivuta kando siku hiyo hiyo. "Ryan, TV ya kwetu si unasikia anaongeza mpaka jirani wa ule upande mwingine anapiga ukuta. Na nikimuita kutoka nyuma haitiki. Mwambie."

"Mwambie wewe, ni baba yako."

"Nilimwambia. Alisema naongea kama niko chini ya blanketi."

Sikumwambia. Ningesema nini? Masikio ndio mkono wake. Kinyozi utamwambiaje mkono wake unatetemeka, na wewe ndio uko kwa kiti?

Hiyo wiki kulikuwa na spika mbili za Muigai. Muigai ana ploti Kawangware, kwa stage ya 56, na nyuma ya ploti ana ukumbi mdogo wenye kanisa fulani linatumia Jumapili. Kitambo huo ukumbi ulikuwa baa ya babake. Baba Hope alikuwa ashaweka twita mpya kwa spika zake na bado akasema moja ni mbaya, ya kushoto. Muigai akasema kwa simu kama twita ni mpya basi ziko sawa, azirudishe. Hapo ndio Baba Hope akakumbuka kitu: baba ya Muigai aliacha santuri, na kati ya hizo santuri kuna Barua ya Jael.

"Santuri haiwezi kunidanganya," akaniambia. "Tutacheza santuri kwa spika zake. Nisiposikia chupa, twita ni mbaya na Brandon pia ni mbaya. Nikisikia, ni Brandon peke yake."

Mimi nikahesabu, nikaona kuna mtu wa tatu hajamtaja. Lakini nilimbebea spika moja.

Muigai ni mtu mnene, mpole, hukaa kama amechoka na wapangaji. Alikuwa ametoa kinanda cha santuri cha babake na kukipangusa. Tukaunganisha spika, moja kila upande wa mimbari. Santuri ikaanza kukwaruza. Wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukaingia na chupa ikaingia nayo, safi kushinda kaseti, mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mtu mlangoni.

Baba Hope alikuwa amesimama katikati ya viti, kichwa ameinamisha.

"Chupa iko wapi?" akauliza.

Muigai akamtazama. "Chupa gani, Baba Hope? Hii siku hizi ni kanisa."

"Mimi nataka chupa tu."

"Ngoja basi." Muigai akatoka akarudi na soda tatu baridi. "Ile ingine utatafuta huko nje."

Nilicheka. Baba Hope hakucheka. Aliichukua ile soda yake, akainywa yote akiwa amesimama, akatoa msumari kwa mfuko wa koti, akaniambia nirudishe sindano mwanzo wa wimbo wa tatu. Na wimbo ulipofika pa chupa akaanza kugonga.

Ting, ting-ting, ting.

Alikuwa anaingia pale pale, hakosi hata moja. Uso wake ukafunguka. Muigai akaanza kutikisa kichwa na ngoma. "Sasa hiyo nasikia ni chupa yangu ama ni ya santuri?" akauliza, na hata mimi sikuwa najua. Zilikuwa zimelaliana. Nikasonga kwa spika ya kushoto nikaweka sikio karibu na twita. Ilikuwa inagonga. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikapotea tena.

"Imerudi," Baba Hope akasema, macho amefunga. "Si niliwaambia? Ni Brandon."

Ningefaa kuiachia hapo. Chupa imerudi, spika ni nzima, Muigai anafurahi, twende nyumbani. Sijui ni nini kilinishika. Nilitaka tu kujua, juu kutojua kulikuwa kumenifika kwa shingo. Nikaweka mkono nyuma ya spika ya kushoto na nikachomoa waya wa twita.

Chumba kilifungwa. Gita zikabaki, sauti ikabaki, lakini yule mtu wa mlangoni akaenda. Chupa moja ikabaki, ya Baba Hope.

Muigai akaacha kutikisa kichwa. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu.

"Sikiza," Baba Hope akasema, bado anagonga, anatabasamu. "Kushoto. Karibu na mlango."

Alifungua macho ili anionyeshe, na akaona waya kwa mkono wangu. Akagonga mara mbili tena, polepole. Kisha akaacha. Akaiweka chupa kwa kiti kama kitu ya mtu.

"Imetoka saa ngapi?"

"Sai tu," nikasema. Halafu nikasema, "Kitambo kidogo."

Akakuja, akachukua waya kwa mkono wangu, akaurudisha mahali pake na kuukaza vizuri. Akamwambia Muigai, "Twita yako ni nzima. Ilikuwa nzima tangu nilipoiweka."

"Si nilikuambia," Muigai akasema, lakini kwa sauti ya chini sana, na nikajiuliza kama Baba Hope alisikia hata hiyo.

Tulirudi kwa miguu. Alinionyesha duka fulani la hardware, akaongea juu ya bei ya mabati, akaongea juu ya Hope na mtihani wake. Nilitaka kumwambia pole na sikujua pole ya nini. Ya masikio ama ya waya? Nilikuwa natembea mkono wake wa kulia, halafu nikahamia kushoto, halafu nikarudi. Sikujua ni upande gani ananisikia.

Jumatatu asubuhi alipiga mabati. "Ryan. Ukienda Toi pitia kwa kibanda kwanza."

Kulikuwa na mama anaitwa Mutanu amekuja kuchukua wufa yake. Baba Hope akaweka flashi, wimbo wa tatu. Lakini hakuinamisha kichwa kwa spika kama kawaida yake. Alikuwa ananiangalia mimi, usoni, kama mtu anasubiri saa igonge.

Na treni ikapita. Hapo hapo. Kibanda kikatetemeka, na ilipoisha wimbo ulikuwa umeenda nusu, na mimi sijui. Chupa ilikuwa kwa kichwa changu, inagonga vizuri kabisa, kushoto, karibu na mlango. Sasa sikuwa na hakika inatoka kwa wufa ama naikumbuka tu. Kwani yeye ilimuanza hivi?

"Iko?" akauliza.

"Rudisha mwanzo."

Akarudisha. Nikafunga macho. Ikapita tena na nikaona kama iko, nikaona kama natamani iwe.

"Rudisha tena."

"Hii wufa ni mbovu ama ni nzima?" Mutanu akasema. "Nimeacha duka na mtoto wa wenyewe. Kwani nyinyi wawili mnatafuta nini huko ndani?"

"Chupa," Baba Hope akamjibu, na akasonga kidogo kwa benchi ili nikae karibu na spika.