Cheti cha Skuta ya Demetria

Mara mbili katika mwaka 1957, Demetria Kasanda alinyimwa cheti cha ukaguzi kwa kosa ambalo skuta yake haikuwa nalo, na mara ya pili iliandikwa katika faili lake kwamba ni mzembe, hajui kutunza chombo alichokabidhiwa. Aliyemwandika hivyo hakuwahi kuulizwa alijuaje. Mtu mwenye kalamu ya serikali siku hizo hakuulizwa.

Demetria alikuwa mkunga wa Temeke, mzaliwa wa Tabora, mwenye umri wa miaka thelathini na minane. Eneo lake lilianzia Keko, likapita Mtoni, likaishia Yombo, ambako njia ilikuwa mchanga mtupu na mkunga aendaye kwa miguu alihitaji saa mbili, na mguu wake ukiwa mzito, zaidi. Chama kimoja cha hisani kilipoleta skuta mbili kwa ajili ya wakunga wa vitongojini, moja alipewa yeye na ya pili akapewa mwenzake Apolonia wa Kinondoni. Watu walisimama milangoni kumtazama mwanamke mwenye gauni jeupe akipita juu ya mashine inayolia kama cherehani kubwa. Baada ya mwezi mmoja waliacha kutazama. Walisikia tu mlio ule wakajua kwamba mahali fulani kuna mama ameshikwa na uchungu.

Skuta ile haikuwa na maringo, lakini ilikuwa na tabia zake. Kwa kuwa petroli yake huchanganywa na mafuta ya injini, plagi ilishika masizi, na ilibidi kuifungua na kuisugua kila baada ya siku chache. Waya wa klachi ulilegea. Magurudumu yake madogo yalizama penye mchanga ambapo baiskeli ingepita. Yote hayo Demetria aliyazoea. Jambo ambalo hakuweza kulizoea ni ukaguzi.

Tatizo lilikuwa taa. Skuta ile haikuwa na betri. Umeme wa taa ulitoka katika sumaku inayozunguka pamoja na injini, kwa hiyo injini ikienda polepole taa ilififia ikawa ya manjano kama kibatari, na injini ikivutwa taa iling'aa nyeupe. Ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini mkaguzi wa magari, Mzungu aliyezoea malori, alikuwa na utaratibu mmoja kwa kila chombo: husimama mbele ya taa, injini ikinguruma taratibu, hutazama, huandika. Mwezi wa Agosti aliandika "taa hafifu". Demetria akabadilisha glopu. Mwezi wa Novemba akaandika tena "taa hafifu", akaongeza na lile neno la uzembe.

Aliyeshindwa mara ya tatu, chombo chake kilizuiliwa uwanjani. Skuta ya Apolonia ilikuwa imezuiliwa tangu Desemba kwa taa hiyo hiyo na kwa neno hilo hilo la uzembe, na Apolonia alikuwa amerudi kutembea.

Zamu ya tatu ya Demetria iliangukia Jumamosi moja ya Februari 1958. Hakulala vizuri wiki nzima, na sababu yake ilikuwa na jina: Tunu, mke wa mkulima wa Yombo. Katika uzazi uliopita Tunu alitokwa na damu nyingi, na Demetria, ambaye wakati huo hakuwa na skuta, alifika miguu ikiwa imevimba na kumkuta ameshakuwa baridi mikononi. Alipona kwa shida. Mtoto hakupona. Sasa Tunu alikuwa ameingia mwezi wa kujifungua, na kila alfajiri Demetria aliamka akihesabu siku kwa vidole.

Asubuhi ya ukaguzi aliipeleka skuta kwa fundi wake, Mwinshehe, Mzaramo wa Mtoni aliyefanyia kazi chini ya kibanda cha makuti. Wao wawili walikuwa watani, kama walivyokuwa watu wote wa makabila yao tangu enzi za misafara, na hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana kwanza.

"Mnyamwezi umekuja," Mwinshehe alisema bila kuinua kichwa. "Babu yako aliingia pwani na pembe ya ndovu kichwani, wewe leo hutaki hata kutembea."

"Pembe ile ilikuwa ya babu yako. Ilimshinda kuinyanyua."

Mwinshehe alicheka. Demetria alikuwa akifuta mkono wa breki ya mbele kwa kitambaa, na kicheko cha fundi kilikuwa hakijaisha aliposhtuka na kuuvuta mkono wake. Kitu kilimchoma. Akainama, akaangalia pale waya unapoingia katika ule mkono wa breki, mahali palipofichika. Waya ule ulisukwa kwa nyuzi nyembamba zipatazo ishirini. Nyingi zilikuwa zimekatika na kusimama kama sharubu za paka. Zilizobaki zikishika zilikuwa nne.

"Mwinshehe. Njoo uone."

Fundi alikuja, akatazama, akafuta mikono yake polepole kuliko ilivyohitajika.

"Waya mpya sina. Wa kuagizwa mjini ni Jumatano, wakiwa nao. Lakini sikiliza, mtani. Yule bwana haangalii hapo, kazi yake ni taa tu. Mie nikikaza skrubu hii ya mdundo, injini ikae juu juu, taa itawaka nyeupe hata usipoivuta. Atatia sahihi. Jumatano twafunga waya mpya, biashara imekwisha."

"Na injini ikikaa juu juu, breki je?"

"Breki ya nyuma ipo."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walilijua. Lakini Demetria alimfikiria Tunu, akafikiria mchanga wa Yombo, akasema, "Kaza."

Waliondoka pamoja, Mwinshehe akiwa amepakiwa nyuma na mfuko wake wa spana mapajani. Skuta haikutulia. Kila Demetria alipoachia mkono wa mafuta, mashine iliendelea kusukuma mbele kana kwamba ina haraka zake yenyewe. Walipokaribia Chang'ombe, mkokoteni wa mapipa ya maji ulikata njia mbele yao. Alikanyaga breki ya nyuma. Gurudumu likateleza mchangani. Akabana ya mbele, na ndani ya kiganja chake akasikia, kabla ya kusikia kwa sikio, mkwaruzo mdogo wa kitu kinachokatika. Skuta ilisimama hatua moja kutoka kwenye mapipa.

"Mama we!" Mwenye mkokoteni alipiga kelele. "Wataka kuoga?"

Mwinshehe aliruka chini. Demetria alishuka, akaangalia waya. Nyuzi tatu. Alifungua mfuko wa fundi, akachukua bisibisi, na kwa mkono wake mwenyewe akailegeza ile skrubu mpaka injini iliporudi kwenye mlio wake wa kawaida.

"Taa itafifia," Mwinshehe alisema.

"Na ififie. Tumeiharibu mashine nzima ili tuponye kitu kisichoumwa."

Njia iliyobaki waliisukuma.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa kando ya Barabara ya Kilwa, na malori matatu yalikuwa mbele yao. Demetria alisimama juani kwa zaidi ya saa moja, akijitungia maneno na kuyafuta. Akinyamaza kuhusu breki, huenda mkaguzi atamnyima cheti kwa taa. Akiitaja, atamnyima kwa hakika. Hakuona mlango wa tatu. Alikuwa bado katika hesabu hiyo alipomwona Mauwa, dada yake Tunu, akija mbio, kanga yake imelowa jasho.

"Mama mkunga! Nimetumwa kutoka zahanati, wamesema uko huku. Tunu ameshikwa tangu alfajiri."

"Damu ipo?"

"Kidogo. Bado kidogo."

Demetria alimvuta Mauwa kivulini. Hapo hapo akaitwa.

Mkaguzi alikuja na ubao wake wa kuandikia, na kando yake konstebo Albano, mtu wa kusini, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri. Albano alimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, kwani mkewe alijifungua mikononi mwa mkunga huyu. Injini ikawashwa. Mkaguzi alisimama mbele ya taa, akakunja uso.

"Taa kufa tena," alisema kwa Kiswahili chake cha amri. "Wewe hapana tunza."

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Demetria alikusudia kuomba. Maneno ya unyenyekevu alikuwa nayo tayari. Lakini neno lile, hapana tunza, lilimkuta amesimama na vidole vilivyochubuliwa na waya, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa ombi.

"Konstebo, mwambie asiandike kwanza. Mwambie aje upande huu avute mafuta kwa mkono wake."

Albano alimsogelea. "Mama, nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Albano mwenyewe alikuwa akisimulia baadaye kwamba alitafsiri akiwa amefumba jicho moja. Mkaguzi aliduwaa, kisha, pengine kwa kutaka tu kumwonyesha mwanamke huyu ujinga wake, akashika mkono wa mafuta na kuuvuta. Juu ya ukuta wa banda lililokuwa mbele yao duara la mwanga mweupe likatokea penye kivuli, ingawa ilikuwa mchana. Akaachia, likafifia. Akavuta tena, likang'aa. Alifanya hivyo mara nne, na kila mara uso wake ulipungua ukali.

"Haina betri," Demetria alisema. "Haijawahi kuwa na betri. Sasa mwambie: kama anatafuta kosa, lipo. Aangalie hapa." Na akaubana mkono wa breki ya mbele ili nyuzi zile zitokeze.

Nyuma yake Mwinshehe alitoa mguno wa mtu aliyekanyagwa. "Mnyamwezi wee! Kesi umeshinda, wairudisha mahakamani ya nini?"

Mkaguzi aliinama. Alizihesabu nyuzi kwa ncha ya kalamu, akanyooka, akafuta alichokuwa ameandika na kuandika kipya. "Breki hapana. Skuta hapana toka hapa."

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mauwa alianza kulia. Kutoka pale hadi Yombo kwa miguu ilikuwa saa mbili na nusu, na jua lilikuwa linapanda. Demetria aliutazama ule ukuta uliokuwa umeng'aa, akautazama mlango wa banda, na ndani ya mlango akaliona gurudumu dogo la skuta nyingine, limevikwa vumbi, na karatasi imefungwa kwenye usukani wake.

"Konstebo, ile ya bandani ni ya Apolonia. Soma ile karatasi. Ilizuiliwa kwa kosa gani?"

Albano alikwenda, akageuza karatasi, akasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyokuwa lazima: "Taa hafifu."

 Mkaguzi alikuwa amekuwa mwekundu shingoni. Hakuomba radhi, si siku hiyo, wala siku nyingine. Alisema tu, "Waya wake mzuri?"

"Mpya kabisa," Mwinshehe alijibu, akiwa ameshachungulia bandani, mfuko wa spana ukiwa umekwisha kufunguliwa.

Kazi ilichukua nusu saa ambayo Demetria aliiona kama mwaka. Mwinshehe alivuta waya mzima kutoka skuta ya Apolonia, ambayo yenyewe haikuwa na petroli wala cheti, akaupaka grisi, akaupitisha, akaukaza, vidole vyake vikiruka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alifanya kazi bila kumtania. Mkaguzi alisukuma skuta mwenyewe, akabana breki ya mbele, gurudumu likagoma. Akatia sahihi.

Mauwa alipanda nyuma, mikono imemzunguka mkunga kiunoni. Demetria hakukumbuka baadaye njia aliyopita. Alikumbuka tu kwamba kwenye mteremko wa mwisho mbuzi walikuwa wamelala katikati ya njia, kwamba alibana breki na mashine ikatii, na kwamba sauti ya Tunu ilisikika tangu nje ya ua.

Damu ilikuwa imeanza kuongezeka. Demetria alinawa mikono, akafungua sanduku lake, akaanza kazi aliyoisomea. Mtoto alizaliwa adhuhuri, msichana, akalia papo hapo. Na mkunga alikaa na mkono wake juu ya tumbo la mama mpaka alasiri, akilikanda, akihesabu mapigo, asithubutu kumwambia mtu kwamba hatari imepita mpaka alipoona mwenyewe midomo ya Tunu imerudisha rangi.

Neno la uzembe halikufutwa katika faili la Demetria wala la Apolonia. Skuta ya Apolonia ilirudishwa kwake tarehe 9 Juni 1958, ikiwa na waya mpya wa breki, na kuanzia siku hiyo karatasi ya ukaguzi ya uwanja ule ilikuwa na mstari wa ziada kwa ajili ya skuta: taa ipimwe injini ikiwa imevutwa, na waya wa breki ya mbele uangaliwe kwa jicho la mkaguzi mwenyewe.