Mwanamke wa Ule Wimbo

Mimi siuamini wimbo unaorudi. Wimbo mpya hauna hatia, umekuja tu na haujui utakufanyia nini. Lakini ule uliokwisha kuzeeka, uliosahauliwa hata na walioupiga, ukianza kuusikia tena asubuhi, mchana na jioni, ujue kuna mtu ameufukua, na aliyeufukua hakuuliza ulizikwa kwa sababu gani. Watoto wangu hunicheka nikisema hivi. Wao kila filamu ikitoka hukimbilia wimbo wake wa zamani kana kwamba umerekodiwa jana. Nawaambia sawa, chezeni, lakini mimi nilikulia mtaa wa Jericho, Nairobi, na najua ninachosema.

Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo imeanza. Katika safu yetu ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, televisheni ilikuwa moja tu, ya mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Tuliacha viatu mlangoni, sisi watoto tukakaa sakafuni na mama zetu wakakaa kwenye viti. Kulikuwa na mchezo mmoja wa kila Jumatano ambao hakuna aliyekubali kuukosa, wa familia yenye ugomvi usiokwisha. Jioni moja bibi harusi wa mchezo huo alitoroka kanisani kwa mlango wa nyuma, na alipokuwa akikimbia na gauni lake kalishika mkononi, wakauweka ule wimbo.

Watu wazima walilitambua gitaa hata kabla ya sauti. Ulikuwa wimbo wa siku za karibu na Uhuru, wa bendi ya vijana wa Nakuru waliokuja Nairobi kuurekodi kisha wakatawanyika. Bendi za siku hizo hazikutunga mambo ya hewani. Mtu akikosana na mtu, rafiki yake mpiga gitaa alimtungia wimbo, na Jumamosi mji mzima ukaicheza kesi hiyo ukumbini. Wimbo huu ulimsema msichana aliyemwacha bwana harusi amesimama mbele ya mchungaji. Haukumtaja jina. Ulisema tu kwamba alikuwa mrembo wa Nakuru, kwamba gauni la harusi alilishona kwa mikono yake mwenyewe, kwamba alikimbia nalo, na kwamba hana moyo. Kiitikio kilimwomba Mungu amnyime usingizi.

Duka moja la santuri mjini likautoa upya. Kwenye kipindi cha redio cha nyimbo kumi bora uliingia mkiani, ukapanda, ukakaa juu kabisa, na vijana waliokuwa wamerekodi mwezi ule ule wakabaki chini wakiutazama. Halafu zikaja kadi za salamu. Wale wapenzi wa salamu waliokuwa wakiandika redioni majina ya jamaa zao na wimbo wanaouchagua, sasa wote walichagua huo mmoja. Ulikuwa kwa kinyozi, ulikuwa kwa muuza mboga, ulikuwa dirishani kwa kila mtu. Ungetoka kununua maziwa na kurudi bila kukosa hata ubeti mmoja.

Kwetu ulizimwa. Kila gitaa lilipoanza, mkono wa mama ulifika kwenye redio kabla ya mwimbaji. "Betri zinaisha," alisema, na mimi ndiye niliyetumwa betri hizo jana yake. Baba kwa upande wake aliupiga mluzi akinyoa ndevu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona mpelelezi. Nilichukua mkono wa mama, nikachukua mluzi wa baba, nikajumlisha: bwana harusi aliyeachwa kanisani alikuwa baba yangu, na bado anamlilia yule msichana. Wiki nzima nilimjibu baba kwa mkato, maskini, na yeye akamwuliza mama kama meno yananiuma.

Mtaa nao ulikuwa na upelelezi wake. Kama wimbo ni wa kweli, mwanamke mwenyewe yuko wapi? Mwanzoni lilikuwa swali la kuchekesha, la kungojea mchezo uanze. Kisha mwenyekiti akaanza kupanga mambo sawasawa. Leo atakuwa anakaribia miaka arobaini. Atakuwa amekaa Nakuru. Na lazima awe anajua kushona. Aliposema kushona watu wakatazama mlango, kwa sababu ng'ambo ya njia ndiko alikokaa fundi.

Sisi tulimwita anti, ingawa hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Aliishi peke yake na cherehani yake barazani, akishona yunifomu za shule na magauni ya harusi, na magauni hasa ndiyo yaliyompa jina. Mabibi harusi walimjia kutoka Makadara, Kariobangi, hata ng'ambo ya mji. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa, na watu walikuwa wamemsamehe hilo kwa ajili ya mikono yake. Alikuwa rafiki wa mama, wa pekee ambaye mama alikunywa naye chai bila kuvua aproni. Mama hakushona hata kifungo. "Mikono yangu haijui sindano," alisema, na kila kilichochanika kwetu nilikivusha njia nikampelekea anti.

"Mtu anawashonea watu harusi miaka yote hii, na yake hatuijui," mwenyekiti alisema. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Hawa wasiosema kitu huniudhi mpaka leo. Anti alipoulizwa alijibu wazi kwamba Nakuru aliwahi kukaa kwa dada yake, mwaka mmoja tu, na hakuna harusi aliyoikimbia. Basi likawa hilo: amekubali mwenyewe, alikaa Nakuru. Aliponyamaza, wakauliza mbona ananyamaza. Alipocheka, wakasema ana uso mkavu. Vijana wa kwenye kona walimwimbia kiitikio akipita. "Manze, cheki mathe wa ile ngoma," mmoja alisema kwa Sheng, yaani mtazameni mama wa ule wimbo, na wenzake wakaangua kicheko, na anti akaenda zake na kikapu chake kama hakusikia.

Kisha mabibi harusi wakaanza kupungua. Mama wa msichana mmoja alikuja kuchukua kitambaa ambacho hakijakatwa, akasema wamepata fundi wa ukoo wao. Wa pili alichukua hata kilichokatwa, vipande vipande, akavisokomeza kwenye mfuko. Watu walikuwa wameamua kwamba gauni lililoshonwa na mkono ulioikimbia harusi litamkimbiza na atakayelivaa. Imani hiyo sijaisikia kwingine popote, si Nairobi, si mashambani. Ilizaliwa kwenye vile viti mbele ya televisheni, na kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa wakisema wameirithi kwa nyanya zao.

Mama aliyasikia yote hayo akitazama magoti yake. Nilidhani anamwonea rafiki yake uchungu, na kweli alikuwa akimwonea.

Ikabaki harusi moja, ya muuguzi mmoja wa Kariobangi asiyekuwa na muda na maneno ya watu. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Asubuhi ya siku hiyo mama alinituma nimpelekee anti uji, maana alikuwa ameanguka kitandani, na kilichomlaza tulikiita homa. Nilimkuta amelala fofofo. Nikarudi nikamwambia mama kwamba gauni limening'inia ukutani na halijatiwa mikono.

Mama alivua aproni. Alivuka njia, akaketi kwenye cherehani, akalamba uzi na kuupitisha kwenye sindano mara moja tu, akaanza kukanyaga. Mimi nilisimama na kikombe tupu. Mwanamke asiyejua kifungo alikuwa akiunga mkono wa gauni jeupe begani, akikusanya mikunjo midogo kwa kidole gumba, na mikunjo ilimtii. Hakupima, hakufumua. Pale pale nikamfutia baba tuhuma zote nilizomrundikia.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Shika hapa, usivute," alinijibu, na hakuacha kukanyaga.

Alinieleza macho yake yakiwa kwenye mshono. Asubuhi ya harusi yake, akiwa amekwisha kuvaa, mwanamke alibisha hodi. Alikuwa ametoka mashambani kwa basi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, na alikuwa akimtafuta mumewe. Mumewe ndiye aliyekuwa kanisani akimngoja mama. "Ningemwambia nini?" mama aliniuliza. "Arudi na basi hilo hilo?" Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaiacha Nakuru na hakuitaja tena, na sindano hakuishika. Baba alipomwoa huko Nyeri, alivaa gauni la kuazima.

Nilikasirika. Yule mwanamke wa basi hakuwamo kwenye wimbo. Watoto wale wawili hawakuwamo. Mpiga gitaa alikuwa rafiki wa bwana harusi, akaimba alichoambiwa, na nchi nzima ikakipenda mara mbili. Muuguzi aliolewa na gauni lake alasiri ile, na mpaka nilipomwona mara ya mwisho alikuwa bado na mume wake, mnene na mwenye furaha.

Jioni mama alimwambia baba. Sisi watoto tulifukuzwa nje lakini dirisha lilikuwa wazi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Nilijua ulikuwa na mchumba," alisema. "Sikujua ulikuwa na wimbo."

"Nataka kuwaambia wenzangu, baba watoto. Yule mtu wanammaliza."

"Watakusema wewe."

"Wacha waniseme."

"Basi waambie," baba alisema, na nikampenda sana.

Jumatano mama alisimama kabla mchezo haujaanza. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Akasema, "Yule mwanamke mnayemtafuta ni mimi. Mwacheni fundi afanye kazi yake."

Nilikaa sakafuni nikingoja tufukuzwe, tutengwe, baba avuliwe uzee wa kanisa. Mwenyekiti alimtazama mama mpaka macho yakamlengalenga. Kisha akanyanyuka, akamshika mkono.

"Mama, wewe una moyo," alisema. "Mimi singeweza."

"Kujitwika aibu ya mwenzako namna hiyo," mwingine akadakia, "na wewe mke wa mzee wa kanisa."

"Sijitwiki. Ni mimi. Lile gauni nililishona mimi."

"Wewe? Hata kifungo unatuma mtoto." Wakacheka, na walicheka kwa mapenzi kabisa.

Mama akawaambia juu ya gauni la muuguzi. Wakasema ndiyo, rafiki yake amemfunza kidogo, si vibaya. Akawaeleza juu ya yule mwanamke wa basi na watoto wake. Mmoja wao alijifuta machozi, akasema mtu hutunga kisa kizuri hivyo akiwa tu anampenda rafiki yake. Nikasimama mimi, nikasema nimeona kwa macho yangu. Niliambiwa nikae chini, na mama akaambiwa kwa upole kwamba si vizuri kuwaingiza watoto. Kila alichokitoa walikipokea kwa mikono miwili na kukigeuza upande wa pili.

Ndipo mwenyekiti akauliza lile swali lake, taratibu, akimtazama kila mmoja. "Lakini tujiulize. Kama fundi hana la kuficha, kwa nini atafutiwe mtu wa kumbebea lawama?"

Hapo kesi ikaisha. Kabla ya jioni ile kulikuwa na wawili watatu waliokuwa bado na mashaka. Baada yake hakubaki hata mmoja. Mwaka uliofuata wakamchagua mama naibu mwenyekiti, kwa sauti moja, na mama akakataa, na kukataa kwenyewe kukamwongezea sifa.

Anti alipata chumba Kariobangi, karibu na mafundi wa mabati, mahali ambapo makelele ya nyundo hayampi mtu nafasi ya kuchunguza mwenzake. Alisema atashona yunifomu tu. Siku aliyohama mimi na mama tulimsaidia kupakia mkokoteni: kitanda, jiko, sufuria, masanduku mawili ya vitambaa. Cherehani tuliiweka juu, mama akaifunga kamba. Nyuma ya mapazia watu walitazama, na nina hakika walisema mama yangu ni mtu wa ajabu, hamwachi rafiki yake hata sasa.

"Niliwaambia," mama alisema. "Nilisimama nikawaambia ni mimi. Hawakuniamini hata mmoja."

"Mimi nilikuamini," anti alisema. Alikuwa akikunja blanketi, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililoniumiza zaidi. "Ukiondoa wewe, mtaa huu wote mimi peke yangu ndiye niliyejua tangu mwanzo kwamba si mimi."

Akaliweka blanketi juu ya cherehani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Ila ungesema ile wiki ya kwanza, dada. Wakati walikuwa bado wanauliza."

Mama aliikaza ile kamba iliyokuwa imekwisha kukazwa, akaikaza tena.